Kuku Aliyerudi Mabanga

Siku ya tatu baada ya mimi kutoka hospitali, mama yangu aliingia kwangu Kitale na kuku mweusi mkononi, miguu imefungwa kwa kipande cha leso kuukuu, na mfuko wa unga wa wimbi begani. Hakunisalimu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kulala, akanitazama nilivyoegemea mito minne, kisha akaniuliza swali ambalo ameniuliza kila siku tangu niote meno.

"Umekula nini?"

Nikamwambia nimekunywa supu. Sikumwambia ni vifuniko vitatu. Nilikuwa na kile kifuniko cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, chenye mistari ya kupimia, na hicho ndicho kilikuwa sahani yangu na kikombe changu. Daktari aliagiza hivyo: kifuniko kimoja, ninyonye pole pole kwa robo saa, nipumzike, halafu kingine. Wiki mbili vitu vya maji tu. Ugali nisiufikirie mpaka aniruhusu yeye mwenyewe.

Wacha niseme wazi, maana wewe sina sababu ya kukuficha. Nilikuwa nimekatwa tumbo. Sisemi kupasuliwa tumbo, hilo hata akina mama wa uzazi hupasuliwa. Nasema ule mfuko wenyewe wa chakula. Walipitia kwenye vitundu vitano vidogo, wakakata karibu robo tatu yake wakatupa, na kilichobaki ni chembamba kama ndizi. Niliomba mwenyewe nifanyiwe. Sukari ilikuwa imepanda, magoti yamekataa kazi, na mimi ni mwalimu, nilifika mahali siwezi kusimama kipindi kimoja. Na nisiwe mnafiki: nilichoka kuona vijana wa matanga wakinitafutia kiti cha chuma huku wengine wakikalia plastiki.

Aliyejua ni mume wangu peke yake. Yeye ni mtu wa Kwanza, kule nje ya mji wa Kitale, wazazi wake walitoka upande wa Mlima Kenya wakanunua shamba huko, naye hununua na kuuza mahindi. Si mtu wa maneno mengi. Tulikubaliana tuseme ni nyongo. Nyongo ni ugonjwa wa heshima. Ukisema umetolewa nyongo watu wanakupa pole na maombi. Ukisema umekatwa tumbo sababu ya unene, watakucheka mpaka ndani ya kanisa, na wengine watauliza kwani ulishindwa kufunga mdomo.

Lakini mama sikumficha kwa sababu ya kicheko. Nilimficha kwa sababu ya baba.

Baba yangu alikufa kwa saratani ya koo, hii inayoziba njia ya chakula. Ilianza na ugali. Jioni moja nyumbani kwetu Mabanga, pale karibu na Bungoma mjini, alisukuma sahani akasema ugali unakwama. Baadaye nyama ikakataa kupita, halafu uji, na mwisho mama alikuwa anamdondoshea maziwa kwa kijiko na yanarudi pembeni mwa mdomo. Alikufa akitaja vyakula. Tangu siku hiyo mama hapimi uzima kwa kitu kingine. Ukila, wewe ni mzima. Ukisukuma sahani, ameshaanza kukulilia kimoyomoyo.

Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Nilijidanganya kwamba namhurumia. Ukweli nilimwogopa.

Na alikuwa amekuja kulala. Hilo peke yake lilinipa baridi. Kwetu mama mkwe halali nyumba ya mkwewe. Anakuja, anapewa chai, jua likielekea kushuka anaaga. Mama yangu hajawahi kuvunja hiyo. Siku hiyo aliweka mfuko wake chumba cha watoto bila kuuliza mtu, na mume wangu, ambaye kwao hawana mwiko mkali hivyo lakini anauheshimu wetu, alichukua koti lake akasema atakuwa akilala kwa wazazi wake kule Kwanza, atakuja mchana. Nikabaki na mama, na kuku, na uwongo wangu.

Kuku alifungwa kwenye mguu wa meza jikoni. "Huyu ni wako," mama aliniambia. "Siku utaniambia una njaa, siku hiyo namchinja."

Nikasema asante. Ningesema nini? Daktari alishanieleza kwamba ile sehemu ya tumbo iliyotupwa ndiyo iliyokuwa ikinipa njaa. Njaa ilikwenda nayo. Nililala pale siku nzima nikitafuta njaa mwilini mwangu, mimi niliyekuwa nikiamka na njaa na kulala nayo, na sikuipata. Kulikuwa na maumivu ya bega la kushoto, hewa waliyonijaza wakati wa upasuaji ikitafuta pa kutokea, na kiu, na kichefuchefu. Mama alikuwa anangojea neno ambalo sikuwa nalo tena.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na mama hakuuliza. Alipika. Uji wa wimbi asubuhi, mzito, umetiwa maziwa na ndimu. Supu ya mifupa saa nne. Saa saba ugali na mboga za kienyeji, kwa kujaribu bahati. Nilikuwa nachovya ulimi kwenye uji, akitoka nje naumwaga kwenye sinki la bafu na kufungua maji. Mtu mzima, mama wa watoto wawili walio shule ya bweni, namwaga uji kama mtoto aliyekatazwa kucheza. Siku ya pili ya mchezo huo alinikuta. Alisimama nyuma yangu na kitambaa cha vyombo mkononi, akaangalia uji wa wimbi ukizunguka kwenye tundu la sinki.

Jioni nilimsikia kwenye simu na mwanamke mmoja wa kanisa lake, ambaye alitolewa nyongo mwaka uliopita. Alipomaliza akaja akakaa kitandani kwangu.

"Yule mama anasema siku ya tatu alikula ugali na mboga ya mrenda. Akaongeza." Akanitazama usoni. "Si uniambie, hii nyongo yako ni ya aina gani?"

"Mama, miili hailingani."

"Hata baba yako alisema hivyo. Ati mwili wake tu umechoka."

Asubuhi iliyofuata alinipikia na yeye hakupika chake. Mchana hivyo hivyo. Mama ana presha na anameza dawa inayotaka chakula, na nilijua. Nikamwomba ale. Akasema hawezi kushiba mwanawe akiwa amelala na njaa, yeye alishaona mambo hayo kwa baba, alikuwa akila jikoni kwa kujificha huku mumewe anasikia harufu, na hatarudia. Siku ya pili ya kufunga kwake aliinuka kwenye kiti akayumba, akashika ukuta.

Akaja na sahani. Ugali kidogo na mboga zilizochemshwa mpaka zikalainika. "Kula tonge moja," akasema. "Moja tu, mama. Nikuone ukimeza. Halafu na mimi nitakula." Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Nilijua ninachofanya, nisisingizie mtu. Nilijua pale ndani kuna mshono mrefu ambao bado ni mbichi. Nilijua kilichoandikwa kwenye karatasi ya hospitali. Lakini alikuwa ameshika sahani kwa mikono miwili, na mimi nikafikiria tonge moja ni nini, bana, mtu hafi kwa tonge. Nikafinyanga dogo kama punje ya njugu. Nikatafuna mpaka likawa maji. Nikameza.

Mama akatabasamu. Hilo tabasamu bado naliona.

Halafu likakwama. Likakaa pale katikati ya kifua, zito, na mate yakaanza kunijaa mdomoni, povu jeupe, nikainama nikalitapika na lile tonge likatoka na nyuzi za damu. Nilipoinua macho mama alikuwa ameketi sakafuni, mikono kichwani. Hakunililia mimi. Alikuwa anamwita baba. Alikuwa anamwambia, kwa lugha yetu, kwamba ameona tena, kwamba ule ugonjwa umerudi kumchukua mtoto.

Mume wangu alipofika alinirudisha hospitali. Wakapiga picha, wakasema mshono umeshika, kwamba nina bahati, na daktari akanikaripia mbele ya wauguzi. Mama alisubiri nyumbani. Aliamini kwamba tukirudi tutakuja na jina la ule ugonjwa.

Basi nikamwambia. Nilimwambia asubuhi, tukiwa wawili, yeye kwenye kiti cha jikoni na mimi nimeegemea mlango kwa sababu kukaa kuliniuma. Nikasema sina saratani. Nikasema haikuwa nyongo. Nikamweleza walichokata na kwamba niliomba wakikate. Nilidhani atafurahi kidogo kwanza, kwa lile la saratani. Nilikuwa nimejitayarisha hata kumwona akicheka.

Kuku alikuwa anadonoa chembe za wimbi sakafuni.

"Wamekitupa wapi?"

"Sijui, mama."

"Na hakirudi."

"Hakirudi."

Akaitikia kwa kichwa. "Baba yako alikufa akitafuta njia ya tonge moja," akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Wewe Mungu alikupa njia. Ukatoka kwako, ukaenda, ukaiziba."

Nilimwambia kuhusu sukari, kuhusu magoti, kwamba ningekufa mapema. Alisikiliza. Sidhani yaliingia. Nilimlilia, nikamwambia anisamehe kwa kumdanganya, akasema uwongo amesamehe, uwongo ni kitu kidogo.

Mchana alifunga mfuko wake. Halafu akapiga magoti jikoni, akamfungua kuku kwenye mguu wa meza, akamfunga upya miguu kwa ile leso. Mume wangu alikuwa mlangoni. Yeye pia anajua: kuku ukimpelekea mtu umempelekea, harudi. Kumrudisha ni kusema huko ulikokwenda hakuna mtu wako.

"Mama, tafadhali mwache kuku," akamwambia.

"Nimwachie nani?"

Akaondoka naye.

Sasa ni wiki ya tatu. Kilo kumi na moja zimekwenda. Mume wangu anasema rinda la kanisani linanilegea na ninajua anatafuta la kunifurahisha. Nimejiangalia kwenye kioo na sikuona ushindi wowote, niliona mtu aliyechoka mwenye ngozi inayoning'inia. Njaa haijarudi. Daktari anasema hiyo ni habari njema.

Mama hupiga simu kila asubuhi kabla ya kushuka shambani. Mtu akisikia atasema tumepatana. Ananiuliza kama Kitale kumenyesha, namwambia kumenyesha. Ananiambia nimsalimie mume na watoto. Tunafika mahali ambapo swali lake la umekula nini lilikuwa likikaa, nami nangoja, naye anapita.

Jana sikuweza kungoja. Nikamwambia mwenyewe, "Mama, leo nimekunywa uji wa wimbi. Ule wako. Vifuniko sita, na vimekaa."

Nikamsikia akipumua. Nyuma yake jogoo aliwika, na mtu akapita njiani akamsalimia.

"Haya," akasema. Kisha akaniuliza kama mahindi ya kule Kwanza yameshaota.