Mashine mbili, na hakuna umeme

Wandugu, leo nimepewa mashine mbili, na hakuna hata moja inanisaidia!

Asubuyi nilikuwa mu duka ya Papa Kambale, hapa Mweso. Nilitaka mashine ya kutosha uchafu, ya kusafisha maji mu akwariumu yangu, ile sanduku ya kioo ya samaki wa maji ya chumvi.

Kulikuwa mbili. Nichukue kubwa ao ndogo?

Tukiwa tunabishana, masasi ya bunduki ikalia karibu. Papa Kambale akaanza kufunga milango.

"Papa, nichukue gani?"

"Beba zote, kaka! Mimi nakimbia!"

Nafika nyumbani: umeme imekatika. Samaki wangu wawili wako juu ya maji, wanafungua kinywa, wanatafuta hewa.

Njo maana niko nakoroga maji na mukono moja ili hewa iingie, naandika ku simu na ingine. Nikiacha, wanapanda tena.

Bibi yangu, mama ya mutoto wetu Yosua, iko ku mulango, godoro ku kichwa.

"Papa Yosua, twende, tukimbie!"

Mungefanya nini, wandugu? Mukono yangu ingali mu maji.