Jinsi Tulivyojifunza Kubishania Dua

Kundi letu la simuni lilikuwa la barabara tu. Walimu, wauguzi, madereva na wenye maduka tunaosafiri kati ya Garissa na Mandera tulilianzisha ili tuulizane lori limekwama wapi, laga ipi, yaani mto wa msimu, imejaa, na kama leo kuna basi. Mimi ni mzaliwa wa Tarbaj, nafundisha Kiswahili mjini Garissa, na kwa kuwa wenyeji na wageni wote walinielewa nikiandika, nikafanywa msimamizi.

Aliyetufaa zaidi humo alikuwa afisa wa maji, mwanamume wa makamo aliyetoka Kenya, kama wengi wetu huku tunavyoita ng'ambo ya mto Tana. Mvua ikinyesha mbali, yeye ndiye aliyetuambia maji yatafika wapi na lini. Alilelewa kanisani, lakini alikuwa ameacha kuamini zamani. Hakulificha jambo hilo wala hakulitangaza. Tulilijua kama tunavyojua kwamba fulani hanywi maziwa.

Kisha ukaja ukame. Mizoga ya ng'ombe ililala kando ya barabara. Maalimu mmoja wa madrasa ya Modogashe, mzee mpole ambaye naye alikuwa mwanakundi, akaandika kwamba watu watatoka uwanjani asubuhi kuswali swala ya kuomba mvua. Afisa wa maji akajibu papo hapo: "Mvua haina masikio. Mngechimba mabwawa."

Simu yangu haikutulia tangu dakika ile. Mmoja alimwita kafiri, mwingine akasema watu wa bara wamekuja kututukania dini nyumbani kwetu. Wakristo wawili watatu wakamtetea, kisha wakageuka wakamshambulia alipowaambia kwamba hata maombi yao hayana tofauti. Adeer yangu, mdogo wake baba, dereva wa lori la mbuzi, alituma sauti iliyojaa uchungu: "Nimepoteza ng'ombe wote wa mamangu, na huyu anatucheka!" Akajitoa. Wengine wakamfuata.

Kubwa zaidi ni kwamba mtu alipiga picha maneno ya afisa na kuyasambaza nje, bila ya yale yaliyotangulia wala yaliyofuata. Siku iliyofuata afisa alinijia shuleni wakati wa mapumziko. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Mwalimu, napigiwa simu na watu nisiowajua," alisema. "Wananiuliza naishi nyumba gani. Nifunge mizigo?"

Nilimwambia asitoke peke yake, nikampigia Maalimu. Yule mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Aliyeudhiwa ni mimi, na mimi sijamtuma mtu." Alasiri hiyo alituma sauti yake kila mahali picha ile ilikofika, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, akisema asiyeamini ni mgeni wetu na atakayemgusa amemgusa yeye. Simu za vitisho zikakoma. Lakini kundi lilibaki gofu. Hakuna aliyeandika, hata habari za barabara.

Mvua ilipokuja, ilikuja kwa fujo. Mchana mmoja afisa aliandika kwamba maji mengi yanashuka kuelekea laga iliyo kusini mwa Modogashe, na gari lisijaribu kupita. Adeer yangu alikuwa ametoka Wajir asubuhi na lori lililojaa mbuzi, na hakuwa tena kundini kuliona onyo lile. Nikampigia. Hapatikani. Nikapiga tena na tena, darasa zima likinitazama. Mwishowe nikamwachia kiranja wa darasa kitabu, nikatoka nje.

Simu iliyoingia ilikuwa ya Maalimu. Nyuma yake nilisikia mbuzi wakilia.

"Adeer yako yuko hapa na mimi, kwenye njia panda ya Modogashe," alisema. "Nilisoma maneno ya yule afisa, nikapanda bodaboda kuja kuzuia magari. Nimemkuta anawasha injini."

"Alhamdulillahi," nilisema, nikaketi pale pale kwenye ngazi ya darasa. Wanafunzi walichungulia dirishani kuona mwalimu wao akilia na kucheka.

Baadaye adeer yangu alinieleza kwamba hakutaka kuamini. Alimwambia Maalimu, "Unanizuia kwa neno la mtu yule?" Mzee akamjibu, "Dua ni yangu, vipimo ni vyake. Shuka unywe chai." Hawajamaliza chai, watu wakaja wakisema maji yameivuka barabara.

Maalimu ndiye aliyeomba tukutane. Alikuja Garissa kutibiwa macho, tukaketi watatu katika hoteli ndogo karibu na soko la mifugo, mbele yetu chai ya maziwa ya ngamia. Afisa alifika akiwa ameshika kofia mkononi. Alianza kuomba radhi, mzee akamkatiza.

"Kwanza nieleze. Ulipoandika vile, ulikuwa unataka kusema nini?"

Afisa aliweka kofia mezani. "Nilikuwa nimetoka kupima bwawa lililokauka. Nilichoka kuona watu wanangoja. Nilitaka kusema tungeweza kufanya zaidi."

"Kumbe," alisema Maalimu. "Mimi nilisikia kwamba sisi ni wajinga. Nasi tulikuwa tumeshachimba, mwanangu. Tulichimba mpaka mikono ikatoka damu, ndipo tukaenda kuswali."

"Hilo sikulijua."

"Hukuuliza."

Kanuni yetu ya kwanza ilizaliwa hapo: uliza kabla ya kujibu, na urudie neno la mwenzako mpaka yeye mwenyewe aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Zilizobaki tulizivuta kwa mabishano. Tulikubaliana kundi la barabara libaki la barabara, na wanaotaka kuzungumza imani wawe na lao, waingie kwa hiari. Mimi nilisisitiza kwamba atakayetoa maneno ya mtu nje atatolewa, awe nani. Maalimu alitaka neno kafiri lisitumike kumwita mtu, na afisa akakubali kuacha zile picha ndogo za kucheka alizozoea kubandika. Tuliloshindwa kulimaliza ni la misiba. Afisa alisema hawezi kuandika dua asiyoiamini, atakuwa anadanganya. Mzee alisema kunyamaza mbele ya msiba ni ukatili. Tukaagana bila jibu.

Jibu lilikuja lenyewe. Mama yake Maalimu alifariki, na kundi likajaa dua. Afisa alinipigia. "Mwalimu, niandike nini?" Nikamwambia aandike la kweli. Aliandika: "Maalimu, sijui kuomba. Nilimwona mama yako mara moja tu, akanipa maji bila kuniuliza mimi ni nani. Pole sana." Mzee alijibu, "Umesema vyema. Nimeipokea." Tukaongeza kanuni: asiyeamini halazimishwi kuomba, na anayeomba kwa ajili ya wafu wake haulizwi ushahidi.

Sitasema tumekuwa malaika. Wiki chache baadaye, katika kundi la imani, walizungumzia kwa nini watoto huugua, na muuguzi mmoja Mkristo aliandika maneno makali juu ya afisa. Nilikuwa nimeshainua kidole nimtoe. Kabla sijafanya chochote, aliyafuta mwenyewe, akaandika: "Narudia. Unasema Mungu mwema asingeruhusu. Nimekusikia sawa?" Afisa akajibu, "Sawa kabisa." Wakaendelea mpaka jua likazama, kila mmoja pale pale alipokuwa, ila hakuna aliyejitoa. Nilihisi mabega yangu yakishuka, kama nimetua mtungi wa maji niliousahau kichwani.

Adeer yangu amerudi kundi la barabara, lakini lile jingine hataki kulisikia. Juzi alipita nyumbani kuniletea maziwa.

"Adeer," aliniuliza, maana kwetu mkubwa na mdogo huitana neno hilo hilo, "Maalimu na yule mtu wa maji bado wanabishana?"

"Kila siku."

"Alhamdulillahi," alisema, akivua viatu mlangoni. "Siku hizi sisikii kelele yoyote, nikadhani wamegombana."