Nani Alale na Mpira

Wasomaji wangu mmenizoea kwa kulalamikia barabara na maji, lakini wiki hii mniwie radhi. Jumanne asubuhi nilikuwa kwa kinyozi pale Mabanga, mashavu yamejaa povu, alipoingia jirani akasema Mwalimu ametutoka, presha. Kinyozi akaweka wembe chini. Hatukuulizana ni mwalimu gani. Goma ina walimu tele, lakini sisi tuliokulia mtaa ule tukisema Mwalimu bila kuongeza neno, tunamaanisha yule mzee mwembamba wa kutoka upande wa Bukavu, aliyefundisha shule ya msingi asubuhi na mpira wa miguu alasiri. Tulimpenda, na tulimwogopa kwa sababu ya jambo moja tu: kila mazoezi yakiisha, yeye ndiye aliyeamua nani alale na mpira.

Timu ya vijana ya mtaa ilikuwa na mpira mmoja wa ngozi. Mwalimu angeweza kuubeba mwenyewe hadi kwake, lakini hakuubeba. Alimpa mchezaji mmoja aende nao kwao, aufute vumbi, aupake mafuta, aurudishe kesho yake. Mtaa mzima ulijua maana yake. Aliyepewa mpira ndiye ambaye Mwalimu alimwona ana kesho, kwamba siku moja ataitwa Kinshasa, pengine hata Ulaya, na mama yake siku hiyo alitembea sokoni kwa maringo. Wenye chenga na wenye mashuti walikuwepo wengi, na Mwalimu aliwapita kana kwamba hawaoni. Alichotazama ni kama mpira utarudi, utarudi saa ngapi, na utarudi na maelezo au bila maelezo. Aliyekuja na kisa cha mdogo wake kuuchezea, huyo hakupewa tena. Mimi sikulala nao hata mara moja, na nina mvi sasa, lakini bado inaniuma.

Miaka mingi baada ya kizazi changu alitokea kijana mmoja, mtoto wa kiume wa pekee wa mshonaji mjane, aliyelala na mpira wiki nzima mfululizo. Hilo halikuwahi kutokea. Mtu wa klabu moja kubwa alikuwa amekuja kumtazama na kuahidi kurudi. Kabla hajarudi, volkano ikapasuka. Mnakumbuka wenyewe jinsi watu walivyoondoka, godoro kichwani, mtoto mgongoni, na nyuma yetu anga lote jekundu. Kijana yule alikuwa ameshafika Lac Vert, kwenye lile ziwa dogo nje ya mji, pamoja na mama yake na dada zake, yaani walikuwa wameshapona. Hapo akageuka, akarudi mjini, akipingana na umati wote uliokuwa ukitoka. Hakuonekana tena, na nyumba yao iko chini ya jiwe la volkano mpaka leo.

Mawe hayajapoa, tayari kila mtu alikuwa na jibu: amerudi kuufuata mpira. Angefuata nini kingine? Aliyekabidhiwa mpira wa Mwalimu asingethubutu kuja na maelezo. Mwalimu aliyasikia hayo kama sisi sote, na tangu hapo hakumpa tena mtu yeyote mpira. Timu ilipopata mpira mwingine, aliubeba mwenyewe ndani ya gunia la mchele, na vijana wapya walimcheka wakidhani ni uchoyo. Kila mwaka siku ile ya volkano ilipozunguka, alikwenda mpaka mlangoni kwa yule mama. Alikataa kiti, alisimama tu na kusema, "Mama, unisamehe." Na mama alimjibu, "Mungu njo anasamehe, Mualimu," yaani Mungu ndiye asameheye. Majirani waliosikia walisema ni mama mwenye imani kubwa.

Kisha zikaja zile vita, moja baada ya nyingine, na kila uasi uliopita hapa ulikuja na wachaguaji wake. Walikaa juu ya mawe pembeni mwa uwanja, bunduki magotini, wakitazama mazoezi kwa makini kuliko mtu yeyote wa klabu. Nao walitafuta vilevile: pumzi, mbio, kijana anayefanya anachoambiwa. Mwalimu alipowaona alivua kofia, na hiyo ilikuwa ishara. Papo hapo timu nzuri kuliko zote za Mabanga iligeuka kituko. Washambuliaji walijikwaa, kipa alitunguliwa magoli ya aibu, na wenye mbio walichechemea wakishika mbavu. Siku moja nikiwepo, mkubwa wao alimwita.

"Mualimu, nani mukali hapa?"

"Afande, unajionea mwenyewe. Hawa wote ni bure. Nawachezesha tu wasiibe mahindi ya watu."

Wale jamaa walicheka, wakaondoka. Mwalimu alirudisha kofia kichwani, ikakaa upande. Sijui mtu mwingine aliyefundisha vijana kucheza vibaya kwa bidii namna ile.

Baadaye nilipata kazi ya kuwatafsiria walinda amani, na kulikuwa na afisa mmoja Mhindi, mgonjwa wa kriketi. Jioni alizoea kuja uwanjani kutazama mazoezi. Akaniomba nimuulize Mwalimu swali lililokuwa likimsumbua. Kwao, alisema, kijana anaitwa kuchezea taifa kriketi akiwa bado mdogo, magazeti yanamsifu, dunia nzima inamsubiri, halafu anapotea, na yule ambaye hakuna aliyemdhania ndiye anayekomaa. Hapa mnawajuaje watakaofika mbali?

"Umuambie zamani nilikuwa najua," Mwalimu akasema. "Mutoto mwenye ukimutuma anaenda, asikatale, ule njo atafika mbali. Umuambie sasa mutoto wa vile nikimuona, naogopa."

Nilitafsiri neno kwa neno.

Juzi tulikaa matangani, chini ya shitingi, turubai la plastiki, iliyofungwa kati ya nyumba na ukuta wa mawe. Wazee kwa vijana walikuwa wakisimulia jicho la Mwalimu, ni nani jicho hilo lilimwona, nani lilimkosa, na mtu mmoja akaanza tena habari za kijana wa volkano na mpira. Yule mama mshonaji alikuwa ameketi karibu nami. Amezeeka sana.

"Haikuwa mupira," akasema.

"Unasema nini, Mama?"

"Mupira alikuwa nao mu mufuko, tangu kwetu mpaka Lac Vert. Njo mimi nilimutuma. Nilikumbuka mashini yangu ya kushona, nikajiuliza hawa watoto watakula nini. Nikamuambia, kimbia, ulete mashini. Akaniachia mufuko. Akasema, Mama, unichungie ya Mualimu."

"Na mpira?"

"Nilitupa mule Lac Vert. Watu walisema ni mupira, mi nikanyamaza. Na yeye alikuwa anakuja kila mwaka, unisamehe, unisamehe." Akavuta kitenge chake mpaka mdomoni. "Kama mutoto wangu angenikatalia, angekuwa hai. Lakini Mualimu hakuchaguaka mutoto wa kukatala."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nilimhurumia yeye, na nilimhurumia zaidi yule mzee aliyebeba gunia lile kwa kosa ambalo halikuwa lake. Jambo linaloniogofya ni kwamba Mwalimu hakukosea. Alimwona kijana yule sawasawa: ukimtuma, anakwenda. Sisi watu wa mji huu tunasifu sana macho ya kutambua vijana watakaofika mbali, na kumbe kuwatambua ni kazi nyepesi. Wenye bunduki nao wanawatambua. Kazi nzito ni kujizuia kuwatuma.

Nilipofika nyumbani kutoka matangani, betri ya redio ilikuwa imekwisha, nikamwita binti yangu aende dukani. Aliinuka mara moja, bila neno, akaanza kuvaa viatu. Nikamwambia akae kwanza, aniulize huko nje kuna nini.