Petikoti ya Lydiah Juu ya Paa

Ummulkheir, au Mama Rayyan, hupigia watu picha juu ya paa la ghorofa letu hapa Makadara. Mteja akitaka waende bustani za mjini, humwuliza, "Kwani huku kwetu kuna nini?" Msimu wa mvua jua lenyewe ni la kubahatisha: linatoka, linajificha, manyunyu yanashuka, mara linarudi. Yeye hupenda wingu jepesi, kwa kuwa jua kali hukunja watu nyuso.

Mimi nakaa katikati ya mlango wake na wa Lydiah, na kukaa hapo ni kazi. Mwaka jana Ummulkheir alimpiga Tiffany, binti ya Lydiah, picha ya kuhitimu. Ilitoka nzuri ajabu, ila nyuma yake kwenye kamba ilining'inia petikoti ya Lydiah, tena yenye kiraka. Jamaa zake wote hadi Nyeri wakaiona kwenye simu. Tangu siku hiyo akikutana na Ummulkheir ngazini, Lydiah hutazama ukuta. Ukaidi mtupu, na nilimwambia hivyo.

Jumamosi iliyopita Tiffany alikuwa akifunga mizigo, aende kuanza kazi ya unesi Lodwar. Alitaka picha moja na mama yake.

"Mathe, moja tu!"

"Nipigwe picha na huyo? Ai, wacha hiyo stori."

Tiffany akapanda juu peke yake, macho mekundu. Nikamfuata.

Ummulkheir alikuwa ameshasimamisha kamera mvua ilipomwagika ghafla. Huku kwetu aliye juu ndiye anayeanua, haulizi nguo ni za nani. Kamera anayoiogopea hata vumbi akaiacha palepale, akakimbilia kamba ya Lydiah.

Lydiah alipofika akihema, alimkuta amelowa chapachapa, nguo zote, hata ile petikoti yenye kiraka, amezificha chini ya buibui. Akaiona kamera mvuani. Akafungua leso kiunoni, akaifunika.

"Mama Rayyan, umeiacha inyeshewe?"

"Zako zilikuwa zimeshakauka, Mama Tiffany."

Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka Lydiah akashika ukuta. Mvua ikakatika. Jua likachungulia, na wingu jepesi likalifuata.

"Haya, tupige," Lydiah akasema, amemshika bintiye mkono. "Lakini kwanza rudisha hiyo petikoti kwenye kamba. Akiiangalia picha huko Lodwar, aone nyumbani."

Nikaibana mimi mwenyewe, kiraka kikielekea kamera.