Maziwa ya Kurudi

Asubuhi ambayo binti wa jirani yetu alikuwa anasafiri kwenda Nairobi, kwenye mbio za kuteua timu ya taifa, ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi. Watatu wa kwanza ndio wangechukuliwa. Alikuwa ameifukuzia nafasi hiyo kwa miaka, kila alfajiri, kwenye barabara ya vumbi ya kuelekea Moiben.

Nilisimama langoni kwao, kwapani nimebana kitabu cha tamthilia za Wayunani wa kale. Kikundi chetu cha waandishi kilikuwa kinazisoma. Humo mna wazee wanaosimama kando ya jukwaa, wakaona balaa linakuja, wakaimba, wasifanye lolote.

Mgombea ubunge alifika na lori la vipaza sauti. Alishuka na kibuyu cha mursik, maziwa lala yenye unga wa mkaa, ambayo kwetu mkimbiaji hunyweshwa akirudi na ushindi.

"Mursik ni ya kurudi," mama wa binti alisema.

"Mama, akirudi kura zitakuwa zimepigwa. Wapiga picha wako hapa leo."

"Basi kunywa wewe, mheshimiwa. Wewe ndiye uliyekwisha kushinda."

Watu wakacheka. Mgombea naye akacheka, kisha akamwinulia binti kibuyu mdomoni. Wanawake waliokuwa wakiimba kumuaga wakanyamaza wote mara moja. Hakuna aliyewapa ishara. Nilisikia maziwa yakishuka kooni mwake.

Wayunani waliogopa sana kumsifu mtu kabla ya mwisho wake kuonekana. Nilifungua mdomo niseme, nikaufunga.

Siku ya mbio tulijaa sebuleni kwao kutazama runinga. Mzunguko wa mwisho aliongoza. Kwenye kona akageuza kichwa, kama mtu aliyeitwa. Wakampita mmoja, wa pili, wa tatu.

Aliporudi hapakuwa na lori. Kwenye ua lilibaki bango la mgombea, na picha ya binti kando yake, midomo myeupe kwa maziwa. Mama yake alimngoja na kibuyu.

"Nilishakunywa, Mama," alisema.

Nikamuuliza aligeukia nini.

"Akina mama wa hapa nyumbani. Walikuwa wanaimba nyuma yangu, nikapata nguvu. Halafu wakanyamaza." Akanitazama. "Hata wewe nilikusikia."

"Mimi sikusema kitu siku ile langoni."

"Ndicho nilichosikia."