Majani Juu, Udongo Chini

Siku ile naikumbuka hadi harufu ya udongo wake, mwanangu, na aibu yake ninayo hadi leo.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mabati yalikuwa yanaingia kwa malori kutoka mpakani Kasesya, na kila mwenye uwezo alitaka nyumba inayong'aa. Shangazi yangu Skola, mjane wa kule Kate aliyepanda mizabibu mteremkoni, akanipa kazi ya kumjengea nyumba ya kutengenezea divai. Bati hakulitaka.

"Bati mchana linachoma, usiku linagandisha," alisema. "Chimba humu kilimani, jenga kwa mawe, uezeke kwa udongo na majani yake. Mtu akipita asijue kama kuna nyumba."

Nilicheka moyoni, lakini nikachimba, nikajenga. Juu ya magogo ya paa nikapanga mabonge ya udongo wenye majani. Ila nikayalaza kifudifudi, majani chini, kama tunavyofanya shambani kwenye matuta yetu ya ntumba, majani yafukiwe yaoze yawe mbolea. Mikono imezoea, akili imelala! Shangazi alipotaka kupanda aone, nikamwambia, "Hii kazi ya fundi, shangazi. Pumzika."

Basi mavuno yake ya kwanza yakaingia humo, yakichacha ndani ya mapipa yaliyo wazi. Ikaja mvua. Udongo uliokosa majani ya kuufunika ukalainika, ukapenya, tope likadondokea pipa la kwanza, likafuata la pili.

Shangazi alichota tope lile kwa kata, akalitazama, machozi yakamtoka.

"Wewe," akasema, "ulikuwa unalima au unaezeka?"

"Nisamehe, shangazi."

"Msamaha baadaye. Panda juu."

Akajifunga khanga kiunoni, akapanda pia. Tukageuza bonge moja moja, majani juu, mvua ikitunyeshea. Mgongo wangu ulikataa. Wake, umri ule, wala! Mapipa yaliyobaki yakapona. Leo mbuzi wanakula majani ya paa lile.

Sasa wewe mwanangu unayejifunza ujenzi, nisikilize. Usijenge kwa mazoea, jiulize nyumba hii ni ya nini. Kilima ukikute kilima, ukiache kilima. Mwenye nyumba akitaka kupanda aone, mshikie ngazi. Na ukikosea, geuza siku hiyohiyo.

Mungu akulindie mikono yako, na ardhi utakayoichimba ikupokee.