Mzimu Aliyekosa Mtani

Leodgar anakoboa mpunga Kibaoni, na mashine ikinyamaza anaangamiza Tanzania. Ameshaiangamiza kwa kalamu, kaunta buku mbili nzima. Humo ni mwaka 2090: mito imekauka, viboko wamegeuka sanamu za tope, na Serikali imebaki spika moja juu ya nguzo, inawapongeza wananchi waliokwisha kufa. Katikati ya ukiwa huo kuna kasri lisilo na paa, na mle ndani, vumbi la pumba likishuka taratibu kama usingizi, anatembea mwanamke wa kitenge cha njano.

Shida ni huyo mwanamke. Miezi mitatu Leodgar anautafuta mwisho wa riwaya. Kila akimzika, ukurasa unaofuata yuko mlangoni tena.

Jumamosi moja akamsomea Rozalia, mtani wa ukoo wao, aliyekuwa akisubiri mchele wake. Kwenye misiba yao Rozalia huingia kaburini, akalala, akagoma kutoka mpaka apewe kuku.

"Hilo kasri mwenyewe hajapata bati tu," Rozalia akasema. "Mtaani kwangu yako manne."

"Ni gofu, mtani. Linatisha."

"Linamtisha mke wa mwenye nyumba."

Chuo kikuu wana kozi nzima juu ya magofu ya namna hiyo. Mimi ninayesimulia niliikimbia, Rozalia kaimaliza kwa sentensi tatu.

"Na huyu wa kitenge, siku ya kuzikwa alitaniwa na nani?"

"Nchi nzima imekufa. Hana mtani."

Rozalia akaweka ungo chini. Kitenge kile alikijua. Mwenyewe, Vestina, mke wa Leodgar, alizikwa masika yale mto Kavuu ulipokata barabara. Rozalia na watani wenzake walikwama ng'ambo siku mbili, wakafika udongo umeshakauka.

"Ndiyo maana hatulii kaburini," akasema. "Mmemfukia kimya kama mnapanda muhogo."

"Sasa niandike nini?"

"Niandike mimi, niingie humo."

Akakaa juu ya magunia ya pumba, akafumba macho. "Vestina, mwizi wa chumvi yangu. Ulikuwa ukipika wali, panya wa mashine wanahamia Mpanda mjini..."

Leodgar akaandika, akicheka, kalamu ikilowa. Kwenye daftari mwanamke mnene kama Rozalia akatokea jangwani, akashuka kaburini, akadai kuku.

"Mtani, mwaka 2090 kuku nimtoe wapi?"

"Utajua mwenyewe. Si ndiwe uliyewamaliza?"

Akamwandika kuku. Kisha akafungua ukurasa uliofuata, polepole. Mlangoni palikuwa na pumba tu, zikishuka.